Furu wa Mwanza, migebuka wa Kigoma: siku 8 kwenye maziwa mawili

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililolowa maji pembeni na picha zaidi ya mia nne. Bei ni za siku zile. Atakayefuata aongeze kidogo.

Safari ilibeba swali moja: samaki wawili wakifanana, ni ndugu au wamefananishwa na maisha? Maziwa mawili ya Tanzania yanajibu swali hilo kwa namna tofauti. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 hivi tu, lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na lilikuwa na spishi kama 500 za furu, samaki wadogo wa familia ya Cichlidae. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na spishi zake za jamii ya furu ni kama 240. Ziwa kichanga ndilo lenye watoto wengi.

Siku ya 1: Mwaloni, Kirumba

Ukiingia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, asubuhi, macho yanaona dagaa kwanza, dagaa pili, na furu wakavu kwa mbali. Furu huuzwa kwa fungu au kwa sado. Fungu moja tulipewa kwa shilingi 2,000. Mama muuzaji aliposikia kwamba hatununui kwa ajili ya kula bali kuchambua, alicheka, akatoa kigoda na kipande cha turubai. "Chambueni, ila mkimaliza mnipangie kama mlivyokuta." Saa tatu nzima hakudai kitu.

Hapa ndipo majina yanapoanza kukwamisha. Sokoni kuna sato, sangara, dagaa, kamongo, kambare na furu. Kila jina kati ya matano ya mwanzo linashika spishi moja au chache. La mwisho linashika mamia. Si uzembe wa wavuvi: jina la sokoni linafuata ukubwa, ladha na bei, na furu wote ni wadogo, wana miiba, na huishia kwenye sufuria moja.

Mkavu hana rangi tena, lakini bado ana taya la koo. Samaki wa jamii hii wana taya la pili ndani ya koo, nyuma ya matamvua, na ndilo linalosaga chakula. Jinsi ya kulitoa: loweka kichwa katika maji ya uvuguvugu kwa saa moja, fungua kifuniko cha matamvua kwa mkasi mdogo, kata nyama pande zote mbili, vuta kwa kibano. Utapata mfupa wa pembetatu wenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Usugue kwa mswaki laini. Meno membamba kama nywele ni ya mla vijidudu au mwani. Meno ya duara kama magego, juu ya mfupa mnene, ni ya mvunja konokono. Kosa la kawaida ni kuvuta kabla nyama haijalainika, mfupa ukakatika katikati. Tulivunja miwili.

Angalizo kwa atakayefurahia magego: usitangaze spishi kwa jino peke yake. Astatoreochromis alluaudi, furu mvunja konokono wa ziwa hilihili, akilelewa kwa chakula laini huota taya jembamba. Taya linaweza kusimulia alichokula samaki huyu mmoja, na si lazima lisimulie ukoo wake.

Siku ya 2: Makobe

Mtumbwi wa injini kwa siku nzima, petroli na maboya ya kuokolea ndani yake, ulikuwa shilingi 180,000 baada ya kushuka kutoka 250,000. Ondokeni saa 12 asubuhi. Baada ya saa 6 mchana upepo huamka, na kurudi kunakuwa kazi ya kumwaga maji kwa kopo.

Injini ilizima katikati ya safari. Plagi ilikuwa nyeusi tii. Wavuvi waliokuwa wakirudi na nyavu walisimama, wakatoa plagi yao ya akiba, wakakataa hela. Tangu hapo plagi mbili na spana yake vimo kwenye orodha ya vifaa, juu ya kamera.

Makobe ni kisiwa cha mawe, na maji yake ni meupe, yaani maangavu, kwa kipimo cha eneo hili. Weupe huo hupimwa kwa sahani ya duara ya sentimita 20, robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha hadi ipotee, soma kamba, pandisha hadi ionekane tena, soma kamba, chukua wastani. Siku hiyo tulipata mita 2.2.

Kwenye miamba hii wanaishi furu wawili waliozipa maabara kazi ya miaka mingi. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa buluu ya kijivu, na hukaa juu, karibu na ufuko. Dume wa Pundamilia nyererei ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, na hukaa chini zaidi. Wote wawili wana michirizi myeusi ya kusimama, na ndiyo iliyoipa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, jina lake. Majike wao wamefifia na wanafanana mno hata mtu mzoefu hukosea.

Ukiwaweka pamoja huzaliana, na watoto wao huzaa. Kinachowatenga ziwani ni jicho la jike. Kadiri unavyoshuka katika maji yenye chembechembe, mwanga wa buluu unakatika mapema na mwekundu ndio unaobaki. Wanaoishi chini wana aina ya jeni ya jicho inayoona wekundu vizuri zaidi, na majike wao huchagua madume mekundu. Wa juu wana aina nyingine, na huchagua ya buluu. Kwenye matangi ya maabara, watafiti walipowasha taa ya rangi moja iliyoficha tofauti ya madume, majike walianza kuchagua yeyote. Mpaka kati ya spishi mbili ulikuwa umesimama juu ya mwanga.

Kuhusu picha: rangi ya furu haimsubiri mtu. Wawili wa kwanza tuliwaweka kwenye ndoo nyeupe, na ndani ya dakika chache wekundu wote ukawa kijivu. Samaki hufifisha ngozi ili kufanana na mahali alipo, na hofu huongeza kufifia. Tumia ndoo nyeusi yenye maji ya palepale. Mhamishie kwenye kitangi chembamba cha kioo, msukume taratibu kwa kioo cha pili hadi ubavu uguse mbele, piga picha ya ubavu wa kushoto na rula ndani ya fremu. Ubavu wa kushoto ndio kawaida ya fani, picha za watu mbalimbali zipate kulinganishwa. Aliyetoka mita tano kwenda chini apandishwe polepole, la sivyo kifuko chake cha hewa kitavimba na ataelea tumbo juu.

Siku ya 3: Kusini mwa ghuba

Kadiri mtumbwi unavyoingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yanageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulipofika Luanso, kusini mwa ghuba, sahani ilipotea kwenye sentimita 50. Mwanga wa kutofautisha nyekundu na buluu haupo, na furu wa huko ndivyo walivyo: madume ya kahawia, mengine yana wekundu kidogo mgongoni, mengine ubuluu wa mashaka, na kati yao kila daraja. Ni kundi moja. Mpaka uliokuwa wazi Makobe hapa umeyeyuka, na mbolea, udongo na maji taka yanayoingia ziwani yanauyeyusha bila kuua samaki hata mmoja. Watu wanapohesabu spishi zilizopotea Victoria hutaja sangara, na ni haki, kwa kuwa baada ya sangara kushamiri miaka ya 1980 furu walianguka vibaya sana. Lakini upotevu huu wa pili hauna mizoga, kwa hiyo haupigiwi kelele.

Katikati ya ghuba kuna kisiwa kiitwacho Python, na ndicho kilichobadilisha mpango wetu wa siku. Kina dume mwekundu na dume wa buluu, kama Makobe. Kwa macho utasema ni spishi zilezile mbili. Vipimo vya jenomu, yaani DNA yote ya samaki, vimeonyesha vingine: mwekundu wa Python yuko karibu zaidi na jirani yake wa buluu kuliko na mwekundu wa Makobe. Inaonekana spishi mbili za nje zilichanganyika ndani ya ghuba, kisha mchanganyiko huo ukajigawa upya kuwa nyekundu na buluu. Ziwa lenyewe lina historia ya aina hiyo: furu wake wanatokana na mchanganyiko wa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Uchotara, ambao vitabu vingi vya shule huuweka kama kasoro ya uainishaji, ndio uliotoa malighafi ya spishi hizi.

Nahodha wa mtumbwi wetu, aliyesikiliza haya yote huku akishika usukani, aliuliza swali la maana kuliko yetu: "Sasa huyo mwekundu wa hapa mnamwita nani?" Jibu ni kwamba kwa sasa huitwa "anayefanana na nyererei", mpaka mtu aandike maelezo rasmi.

Maana jina la kisayansi halitolewi kwa mdomo. Sharti kuwe na maelezo yaliyochapishwa, na samaki mmoja aliyehifadhiwa kwenye makumbusho kama kielelezo cha jina, ili wanaobishana wawe na pa kurudi. Kwa wanyama, hesabu ya majina inaanzia mwaka 1758. Nyererei alipewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1985. Ile -i ya mwisho ni alama ya Kilatini ya jina la mwanamume. Alipoelezwa mara ya kwanza aliwekwa kwenye jenasi Haplochromis, kisha akahamishiwa Pundamilia, na wapo wanaomrudisha. Ukiona majina ya waelezaji na mwaka yamewekwa ndani ya mabano baada ya jina la spishi, ujue amehama jenasi tangu alipoelezwa. Bila mabano, yuko alipozaliwa. Alama hiyo ndogo inaokoa saa nyingi za kutafuta maandishi ya zamani kwa jina lisilo lake.

Siku ya 4: Mezani

Siku ya kuandika lebo. Kwanza kibali: kutazama na kupiga picha ni jambo moja, kuchukua sampuli ni jingine. Utafiti unapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa samaki hakuna njia ya kuwakwepa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Anza miezi kadhaa kabla, na kuzivusha sampuli nje ya nchi kuna vibali vyake.

Mpangilio wa kazi ni huu, na ukiupindua umeharibu: picha, kipande cha pezi, kisha fomalini. Kipande cha pezi cha milimita chache kinaingia kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ndipo samaki mzima anaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji, siku kadhaa, asuuzwe, na mwisho ethanoli ya asilimia 70. Fomalini inaharibu DNA, ndiyo maana pezi linatangulia. Ethanoli tupu haishiki nyama ya samaki mzima vizuri na humnyausha, vipimo vya mwili vikapotea. Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Chupa yenye samaki asiye na mahali wala tarehe ni takataka yenye harufu.

Siku ya 5: Njiani

Basi la alfajiri kutoka Nyegezi, Mwanza, kwenda Kigoma, nauli shilingi 40,000. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linavuka ghuba ileile kwa kilomita 3. Zamani hapo palikuwa foleni ya kivuko. Sengerema, Geita, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu. Mvua ilitusimamisha saa mbili. Ethanoli haipandi basi, tumeiacha Mwanza.

Siku ya 6: Kibirizi

Mwalo wa Kibirizi uko kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma. Njoo kabla ya jua kuchomoza, mitumbwi ya taa inaporudi, na usije wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa. Angalia pia tangazo la kufunga uvuvi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Majina yanatega tena. Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, wa upande wa kuyu na ningu. Dagaa wa Kigoma ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni wa jamii ya sadini, ambayo wengi wake ni wa baharini. Wanafanana kwa sababu kazi yao ni moja: wadogo, wa fedha, wanakula vijidudu vya maji ya wazi na kukimbizwa usiku kucha.

Upande wa pili wa meza ya muuzaji kuna kinyume chake. Migebuka, Lates stappersii, ni mwembamba, wa kukaangwa mzima na kuungwa kwa mawese. Hakuna mtu wa Kigoma anayemlinganisha na sangara wa Mwanza. Kumbe ni jenasi moja. Tanganyika ina spishi nne za Lates zisizopatikana ziwa lingine, na zimeishi na samaki wenzao kwa muda mrefu mno. Sangara aliingizwa Victoria kwa mikono ya watu kuanzia miaka ya 1950, mbele ya furu ambao hawakuwahi kukutana na mdomo wa ukubwa huo. Jenasi hiyohiyo, historia tofauti, na matokeo ni mbingu na ardhi.

Mezani kulikuwa pia na kuhe. Anazidi nusu mita, ana mwili wa mwindaji, na ni wa familia moja na furu wa shilingi 2,000 wa siku ya kwanza. Ni mmoja wa wakubwa kabisa katika familia hiyo. Mama ntilie wa pembeni alitupikia kipande chake na ugali wa muhogo kwa shilingi 6,000, akaturudishia kichwa kizima baada ya kusikia tunatafuta taya.

Siku ya 7: Katonga

Siku ya kuvaa miwani ya kupigia mbizi huko Katonga, karibu na Kigoma, na kulala kifudifudi juu ya maji. Kitu kimoja kilitosha kujaza asubuhi: samaki anayekula magamba ya wenzake.

Perissodus microlepis ana mdomo uliopinda upande. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa mawindo, waliopinda kushoto hushambulia wa kulia. Ukielea juu ya jiwe bila kupiga miguu, baada ya dakika kumi unamwona anavyokaa nyuma ya kundi, anajinyoosha, anachomoka, na samaki aliyeng'atwa anajipindua kama aliyechomwa sindano. Wa kulia wakizidi, mawindo huanza kulinda zaidi ubavu wa kushoto, na wachache wa kushoto wanashiba kuliko wenzao. Wakishiba wanazaa zaidi, wanakuwa wengi, na mizani inageuka. Idadi hupanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Ni uteuzi asilia unaoupendelea uchache wenyewe, na unauona ukiwa na bomba la kupumulia la bei rahisi.

Hatua thelathini mbele, mawe yanakwisha na mchanga unaanza, na hapo samaki wa jenasi Tropheus wanakoma. Hawavuki mchanga ovyo, kwa kuwa mwani wanaoula uko kwenye mawe. Kila fungu la mawe linakuwa kisiwa ndani ya maji, na ndiyo maana jenasi hii ina makundi mengi ya rangi tofauti ziwa zima. Ukimuuliza mtaalamu yapi ni spishi na yapi ni rangi tu, jiandae kukaa. Kwa ukoo, Tropheus ni jamaa wa karibu wa furu wa Mwanza, karibu kuliko alivyo kwa jirani zake wengi wa Katonga, na kama furu, jike wake huatamia mayai mdomoni.

Kuatamia huko kuna mwizi wake. Kambare mdogo wa madoa, Synodontis multipunctatus, hupenyeza mayai yake wakati wenyeji wanataga, na jike huyaokota pamoja na yake. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema na kuwala wenyeji ndani ya mdomo wa mama yao.

Ushauri: vaa fulana ya mikono mirefu, mgongo unaungua bila kuhisi. Kioo cha miwani kikitanda ukungu, paka mate, suuza, vaa. Usiinue jiwe wala kokwa la konokono kwa ajili ya picha. Lamprologus callipterus dume hukusanya makokwa hayo moja moja kwa mdomo, na ndani yake kuna jike mdogo, ambaye dume anaweza kumzidi uzito zaidi ya mara kumi, akilinda mayai.

Siku ya 8: Ufukoni, kisha nyumbani

Kabla ya basi tulitembea ufukoni kuokota makokwa matupu. Mengine ni mazito, yana mbavu na miiba, na ukiyachanganya na ya bahari ya Hindi utahangaika kuyatenga. Kufanana huko kuliwahi kuwapotosha wataalamu: mwanzoni mwa karne ya 20 ilitetewa hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Ziwa halikuwahi kuwa bahari. Konokono wake ni wa maji baridi kwa ukoo, wakaota gamba nene kwa sababu kaa wa humu wana makucha ya kuvunja. Ni gego la Kirumba kwa upande wa anayeliwa.

Mfukoni tulirudi na vifurushi viwili vya dagaa, cha Kirumba na cha Kibirizi. Mpishi aliviona ni kitu kimoja. Chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, dagaa wa Kibirizi ana safu ya magamba magumu katikati ya tumbo, alama ya jamii ya sadini. Wa Kirumba hana. Ukitaka kuona mstari wa ubavuni, ambao wa Kirumba anao na wa Kibirizi hana, tafuta wabichi, maana kwa mkavu ngozi imekunjamana. Na vifurushi viandikwe siku hiyohiyo kwa penseli. Cha kwetu kimoja kilipoteza karatasi ndani ya begi, na lenzi ndiyo iliyotuambia ni cha ziwa gani.